Digna Hajafa

Restuta aliamka na hasira, akapanda nayo basi la asubuhi kutoka Idete, akashuka nayo Ifakara, akatembea nayo mpaka Mlabani, akaingia nayo kwenye nyumba ya mradi bila kuitua. Mkononi alimshika binti yake Digna, wa miaka minne, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa kitenge. Kwenye basi watu walimuuliza, "Anaumwa jino?" naye akajibu, "Ndiyo, jino," maana angeanza kueleza wangefika Ifakara hajamaliza.

Hii ilikuwa mara ya nne. Mara ya kwanza, tarehe tisa Mei, walimchoma mtoto sindano kwenye uvimbe, wakamtoa na damu mkononi, wakasema mama arudi baada ya siku kumi. Akarudi. Majibu bado. Akarudi tena baada ya wiki moja. Majibu bado, mama, mtandao unasumbua. Leo ilikuwa tarehe mbili Juni, na ule uvimbe ambao mwezi Mei ulikuwa kama punje ya harage ulikuwa umejaa shavu zima. Jino moja lilikuwa linacheza. Uji mtoto alikuwa anaumeza kwa kuinamisha kichwa upande. Huo uvimbe, jamani, haukuwa na habari na mtandao.

"Shikamoo mama," alisema Gladness, nesi wa mradi, yuleyule aliyemchoma mtoto sindano.

"Marahaba. Majibu."

"Karibu ukae kwanza."

"Nimekaa kwenye basi vya kutosha. Majibu, mwanangu."

Gladness aliangalia kitenge cha mtoto, akaangalia pembeni, akasema anakwenda kumwita Amedeus wa kompyuta. Restuta akabaki anatazama bango la ukutani. Lilikuwa na picha ya mtoto anacheka, na chini yake swali kubwa: Kwa nini huyu na si yule? Ndiyo ilikuwa kazi ya mradi. Bonde zima la Kilombero watoto wanaugua malaria, lakini ni mmojammoja tu anayeota uvimbe wa taya, ile saratani ya tezi, na watafiti walitaka kujua kama sababu imo kwenye vinasaba, kwenye yale mtoto anayorithi katika damu ya baba na mama. Bango lile Restuta alilijua vizuri. Alilisoma mara ya kwanza miaka mitano iliyopita, akiwa amemshika Digna mwingine.

Ndiyo, alikuwepo Digna mwingine. Mtoto wake wa kwanza, msichana mrefu, mwenye maneno mengi, aliyefariki akiwa na miaka saba. Safari ile Restuta alichelewa, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Walidhani ni jino. Wakaling'oa. Wakasubiri kidonda kipone, wakapakapaka dawa za miti, mpunga ukawa umeiva, familia nzima ikahamia shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ambacho watu wa bondeni hulala humo msimu mzima kulinda mpunga. Walipokuja kufika Ifakara, mradi uliwachukua damu na kipande cha uvimbe, daktari akatikisa kichwa, wakarudi naye shambani, na mtoto akafia hukohuko kwenye dungu kabla mavuno hayajaisha.

Baada ya hapo watu waliendelea kumwita Mama Digna. Wangemwitaje? Ndilo lilikuwa jina lake. Miezi saba mizima aliitwa Mama Digna bila kuwa na Digna, na kila akiitwa alikuwa anachomeka upya. Kisha akajifungua, na ni msichana. Mama mkwe wake, Bibi Yosefina, alimpokea mtoto mikononi mwa mkunga akasema palepale, "Digna." Kwao ndivyo ilivyo. Mtoto akiondoka, anayefuata huchukua jina, nyumba isikose wa kuitika. Restuta alikuwa amekwishachagua Jane, lakini hakubisha. Kusema kweli alishukuru. Akawa Mama Digna tena, safari hii kwa haki.

Na siku ile ya Mei alipokuwa anamwogesha mtoto, kidole kikakutana na kile kidude kigumu kwenye taya, la kwanza lililomjia kichwani halikuwa saratani. Lilikuwa hili: ni jina. Ni lile jina limemfuata. Hakumwambia mtu. Alimfunga mtoto mgongoni hata maji hayajamkauka vizuri, na mchana huohuo akawa Ifakara.

Amedeus alitoka. Alikuwa kijana mwenye adabu sana, ile adabu inayomwongezea mtu hasira.

"Mama Digna, pole sana kwa usumbufu. Kuna changamoto ndogo kwenye taarifa."

"Changamoto gani?"

"Mfumo unaonyesha kwamba mshiriki huyu…" Akakohoa. "Alishafariki."

Restuta alimtazama. Kisha akamtazama Digna, ambaye alikuwa amechuchumaa anachora vumbi la sakafu kwa kidole. Kisha akamnyanyua mtoto na kandambili zake, akamkalisha juu ya meza, juu ya makaratasi, ubavuni mwa kompyuta.

"Muulize," alisema.

"Mama, tafadhali…"

"Muulize! Si umesema amekufa? Muulize amekufa lini!"

Digna alimwangalia yule kaka mwenye tai. Alikuwa amefundishwa.

"Shikamoo," alisema, sauti imebanwa na kitenge.

"Marahaba," Amedeus aliitika kabla hajajifikiria.

"Haya," alisema Restuta. "Marehemu amekuamkia."

Gladness alifunika mdomo. Amedeus alikaa chini, na maelezo yakaanza kutoka kidogokidogo, kama mtu anayeng'olewa miiba. Fomu ya Gladness ilikuwa sawa kabisa, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa. Lakini Amedeus alipoandika jina, Digna Valeriani Hermenegildi, wa Idete, baba Valeriani, mama Restuta, kompyuta ilimletea mtu yuleyule wa miaka mitano iliyopita. Jina moja, kijiji kimoja, wazazi walewale. Akaona iliyokosewa ni tarehe ya kuzaliwa. Akairekebisha. Alirekebisha, ndugu yangu! Sampuli ikabandikwa namba ya yule wa zamani, ikaondoka na boksi la barafu kwenda maabara kuu, na huko wakailinganisha na damu ya zamani waliyokuwa wameitunza. Vinasaba havikulingana. Vingelinganaje, mtu na dada yake? Lakini wataalamu wakasema sampuli imechanganyika na ya mtu mwingine, wakaandika imekataliwa. Taarifa ikamfikia Amedeus, naye akaisubirisha mpaka atakapopata nafasi ya kuifuatilia.

"Kwa hiyo ile nyama ya mwanangu iko wapi?"

"Iliteketezwa, mama. Ndiyo utaratibu."

Restuta alisonya, msonyo mrefu uliofika mpaka kwa mlinzi getini. "Basi chukueni nyingine. Mtoto si huyu hapa mezani?"

"Tungependa, mama. Tatizo mfumo haufungui fomu mpya ya mtu aliyefariki. Lazima kwanza tuthibitishe ni watoto wawili. Ukituletea cheti cha kifo cha yule wa kwanza…"

"Si mmeandika wenyewe kwamba alikufa?"

"Ndiyo, lakini kwa ajili ya uthibitisho."

"Yaani kumuua huyu hamkuhitaji cheti. Kumfufua ndiyo mnataka cheti."

Restuta hakuwa na cheti. Mtoto aliyefia kwenye dungu katikati ya mavuno nani anamwandikia cheti? Alizikwa Idete, padri akaja, watu wakala matanga, basi. Angekwenda hospitali moja kwa moja, lakini hospitali ndiyo iliyomtuma kwa mradi. Dripu za dawa kali ya saratani hazitolewi bila jibu la uvimbe, na jibu la uvimbe lilikuwa linapita mlango huu. Amedeus akaongeza, kwa adabu yake ileile, kwamba barua ya mtendaji wa kijiji nayo ingefaa.

Basi. Akarudi Idete. Ofisi ya mtendaji ilikuwa na kufuli, na kwenye kufuli kulikuwa na utando wa buibui. Mtendaji yuko wapi? Yuko kwenye mpunga wake. Atarudi lini? Akimaliza. Restuta alikatiza majaruba na mtoto mgongoni, akamkuta mume wake, Valeriani, ameinama na mundu, jasho linamtiririka mpaka kwenye visigino.

"Wanasema Digna amekufa," alimwambia.

Valeriani alinyanyuka kwa haraka mpaka akajikata kidole. Alipomwona mtoto mgongoni anamchungulia, akakaa chini kwenye mabua. Aliposimuliwa yote alinyonya kidole akasema, "Mtendaji atarudi Jumamosi. Tusubiri Jumamosi. Nikiuacha mpunga huu sasa, kwelea kwelea hawatatuachia hata wa mbegu."

"Jumamosi," alisema Restuta. "Uliyasema haya haya safari ile."

Valeriani si mtu mbaya. Aliuangalia mundu muda mrefu, kama ndio uliomtukana.

Bibi Yosefina alikuwa juu ya dungu anapepeta mchele. Alisikia yote. Ungo ukasimama.

"Basi ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemponza mtoto. Jina nilimpa mimi."

Sasa hapo ndipo penyewe. Neno hilohilo Restuta alikuwa analitafuna mwezi mzima, kila akimbadilisha mtoto kitenge, kila akiona uvimbe umepanda. Angeweza kusema ndiyo, ni wewe, na moyo wake ungepumua kidogo. Alifungua mdomo kabisa alitoe. Lakini lilipotoka kwa mama mkwe, mama wa watu analia hana hata meno ya kutosha ya kuumia, likamchukiza. Akajikuta anasema kitu kingine, kwa ukali, maana siku hiyo hakuwa na sauti nyingine.

"Mama, acha hayo. Wamezipima damu zao, ya yule na ya huyu. Hazilingani. Wameziweka pamoja kwenye mashine zao, mashine ikasema hawa ni watu wawili. Huyu si yule, mama. Huyu ni mwingine."

Alipokuwa anasema, akasikia anachosema. Huyu ni mwingine. Mwezi mzima alikuwa anamwuguza mtoto huyu huku anamlilia yule. Hata uji alikuwa anampa kwa kijiko cha yule. Kumbe hata yeye, mama mtu, alikuwa anafanya lilelile la Amedeus, bila hata kompyuta. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha magotini, akamwangalia usoni. Yule wa kwanza alikuwa na masikio ya baba yake. Huyu ana ya kwake, madogo, ya duara, hakuna mtu wa ukoo mwenye masikio yale. Restuta alilia hapo, kwa hasira na kwa aibu, na Digna akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge cha taya.

Bibi Yosefina alijipangusa pua. "Mtendaji wa nini?" alisema ghafla. "Kwani kigangoni hakuna daftari?"

Kweli bwana! Walikwenda wote wawili kwa katekista Kelestini, wakamtoa shambani kwake na matope miguuni. Akafungua kabati, akatoa daftari la ubatizo. Digna wa kwanza huyu hapa, na ubavuni mwa jina lake msalaba mdogo wa wino mwekundu na tarehe ya kuzikwa. Digna wa pili huyu hapa, kurasa kadhaa mbele, mama wa ubatizo tofauti, tarehe tofauti. Kigangoni Digna wawili hawakuwahi kumchanganya mtu. Kelestini aliandika barua kwa mkono wake wa polepole, akanakili mistari yote miwili, akagonga muhuri mara tatu maana wino ulikuwa umekauka.

Tarehe nne Juni, Mlabani tena. Safari hii Bibi Yosefina alikuja pia, na Valeriani, ambaye aliuacha mpunga na ndege wake. Amedeus alisoma barua, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Tatizo ni kwamba hii ni ya kanisa. Mfumo unataka ya serikali."

Restuta alivuta pumzi. Sijui angefanya nini. Nadhani kompyuta ile ingekwenda chini. Lakini mlango wa ndani ulifunguka, akatoka Daktari Maximilian, mkubwa wa mradi, mzee wa miwani, akauliza kelele ni za nini. Akapewa barua. Akaisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa.

"Ndugu wa damu?" aliuliza. "Baba mmoja, mama mmoja? Na wote wawili taya?"

"Ndiyo," alisema Restuta.

Uso wa mzee yule ulifunguka kama wa mtu aliyeambiwa amepata mjukuu. Aliushika mkono wa Restuta kwa mikono yake miwili. "Mama, miaka yote ya mradi huu tumetafuta ndugu wawili kama hawa. Hutokea kwa nadra mno. Damu zao mbili zinaweza kutuonyesha kitu ambacho damu za watoto mia haziwezi. Mama, watoto wako ni wa thamani kubwa sana!"

"Mlikuwa nazo," alisema Restuta. Aliutoa mkono wake taratibu. "Zote mbili. Mashine yenu iliziona. Mkaichoma moja moto."

Furaha ya mzee ilikwisha palepale. Alimgeukia Amedeus, Amedeus akaangalia viatu. Ndipo Daktari Maximilian akanyanyua simu, akaongea na maabara ya hospitali, na Gladness akachukua sampuli mpya bila kuulizwa cheti cha mtu yeyote. Saa tisa alasiri jibu likarudi. Mtu wa maabara alikuwa ameipaka kwenye kioo, akaiangalia kwa darubini. Ni saratani ya tezi, ile ile. Dawa ianze leo.

"Kumbe inawezekana siku moja?" aliuliza Restuta.

Daktari alivua miwani akaifuta. "Kwa dharura, ndiyo, mama."

"Na tangu tarehe tisa Mei hii ilikuwa nini?"

Mzee alirudisha miwani usoni. Alisema pole. Bibi Yosefina, kwa mazoea ya adabu, akaitika asante. Restuta hakuitika.

Wodini alikuwepo daktari kijana, jina lake Martin, ambaye habari zote hizi hakuzijua. Alifungua kitenge, akalibonyeza shavu kwa upole, akamulika jicho ambalo lilikuwa limeanza kusukumwa kwa chini. Akahema.

"Mama," alisema, "kwa nini mnawaweka watoto nyumbani mpaka wanafikia hapa? Huu uvimbe unakua haraka sana, lakini ukiwahiwa unasikia dawa. Sasa umekaribia jicho. Tutaanza leo, ila siwezi kukuahidi kitu." Akainamia faili, akawa anaandika huku anatamka polepole, kama wafanyavyo watu waliochoka. "Mgonjwa… amecheleweshwa… nyumbani."

"Futa," alisema Restuta.

"Samahani?"

Hakupiga kelele. Kelele zilikuwa zimeisha. Alifungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kile alichopewa siku ya kwanza, chenye muhuri wa mradi na tarehe. Akakiweka juu ya faili.

"Wa kwanza nilimchelewesha. Yeye muandikie hivyo, sitabisha, na Mungu ananijua. Huyu sikumchelewesha. Huyu nimegusa uvimbe asubuhi, mchana nilikuwa hapa Ifakara. Tarehe tisa Mei. Nimekuja tarehe tisa, nimekuja kumi na tisa, nimekuja ishirini na sita, nimekuja tarehe mbili, nimekuja leo. Futa hilo neno, baba, uandike hizo."

Martin alikisoma kikaratasi. Alimwangalia mama, bibi, na baba aliyesimama mlangoni na kidole kilichofungwa tambara. Akakata mstari juu ya alichoandika, akatia sahihi pembeni, akaanza upya. Restuta alimtajia tarehe moja moja, naye akaandika zote tano.

Nesi wa wodi alikuja na mfuko wa dripu, akautundika, akasoma jina kwa sauti kama walivyofundishwa.

"Digna Valeriani Hermenegildi?"

Restuta alifungua mdomo aitike, lakini mtoto alimtangulia. "Mimi," alisema Digna, akanyoosha mkono.

Nesi akashika koki ya mpira. "Subiri," alisema Restuta. Aliinama juu ya mfuko, akatafuta tarehe ya kuzaliwa, akaisoma, akaisoma tena kwa kidole. Ilikuwa ya huyu.

"Haya," alisema. "Fungua."